Keimo ya mguu mmoja tu, dawa inabaki vipi mguuni?

Swali lenyewe liliandikwa hivi: "Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 66, mwaka juzi alitolewa melanoma (kansa ya ngozi) kwenye unyayo wakampandikiza ngozi, akapona vizuri tu na akawa anatembea. Sasa ametokwa na vinundu vyeusi kuanzia kifundo cha mguu kupanda mpaka chini kidogo ya goti, nimehesabu kumi na saba. Skani haijaonyesha kitu sehemu nyingine. Daktari anasema atapewa keimo (dawa za kuua kansa) ya mguu peke yake, kwenye karatasi kaandika ILI, hatukuelewa vizuri, na mjomba anasema bora mguu ukatwe mapema yaishe. Hiyo dawa inakaaje mguuni isisambae? Na je mama atapona?"

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na la mjomba kwanza, manake hilo la dawa linaweza kusubiri dakika mbili lakini mguu ukishakatwa ndo umekatwa.

Hivyo vinundu kumi na saba vimetoka wapi. Ile melanoma ya unyayo kabla haijatolewa ilishaachia chembe zake kwenye mishipa ya limfu, ni vijimishipa vyembamba sana vinavyopanda chini ya ngozi toka mguuni mpaka kwenye tezi za kinena. Chembe nyingine zikakwama njiani, hazikufika kwenye tezi, zikaota hapo hapo zilipokwama, kwa hiyo unaona vinundu vimejipanga kufuata barabara, toka kifundo kwenda goti. Mjomba anaona mguu mzima una ugonjwa kwa hiyo ukiondoka mguu ugonjwa umeondoka, na nikwambie ukweli hata madaktari wa zamani waliwaza hivo hivo na miguu mingi sana ilikatwa. Shida ni kwamba waliokatwa hawakuonekana kuishi zaidi kwa sababu ya kukatwa. Kama kuna chembe zilishapita kinena zikaingia kwenye damu, basi zilishapita, kukata mguu leo hakuzirudishi, na kama hakuna iliyopita basi umekata mguu ambao ungeweza kutibiwa ukiwa umekaa mwilini. Siku hizi kukata ni kwa mguu ulioharibika kabisa, unaooza, unaotoka damu, ambao kila kitu kimejaribiwa kikashindikana. Wa mama yako haujafika huko.

Na kuvitoa kimoja kimoja kwa kisu? Vikiwa viwili vitatu na vimekaa mbalimbali, sawa, vinatolewa na ndiyo njia nzuri kabisa. Vikifika kumi na saba unakuwa unafukuzana navyo, unatoa vinne leo, jeraha halijakauka vizuri na vingine vitano vimetokeza pembeni yake, mwishowe ngozi ya muundi inaisha na kila kovu linavuta lenzake.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa nakaa kidogo manake ndo swali lenyewe.

Keimo ya dripu ya kawaida inaingia kwenye mshipa wa mkono inazunguka mwili mzima, kinachomzuia daktari asiongeze dozi ni uboho, yaani ile sehemu ndani ya mifupa inayotengeneza damu, pamoja na utumbo na midomo. Ukizidisha unaua chembe za damu kabla hujaua kansa. Na melanoma ni kichwa ngumu, kwa dozi ambayo uboho unaivumilia yenyewe haistuki sana. Lakini ngozi na misuli na mifupa ya mguu wa mtu mzima inavumilia dawa nyingi kuliko uboho. Kwa hiyo mtu akikaa akafikiri, akasema je nikiutenga mguu kwa muda, damu yake izunguke yenyewe kwa yenyewe bila kuchangamana na ya mwili, siwezi nikaweka dawa nyingi humo halafu nikaimwaga kabla sijaurudisha mguu kwenye mwili? Hiyo ndo keimo ya mguu, yote ni hapo.

Walioifanya kwanza ni Oscar Creech na Edward Krementz na wenzao, chuo kikuu cha Tulane kule New Orleans, Marekani, mwaka 1957. Mashine ya moyo na mapafu ilikuwa bado ni kitu kipya, imetengenezwa kwa ajili ya upasuaji wa moyo, wao wakasema tuifunge mguuni. Na mgonjwa wao wa kwanza mwambie mjomba habari zake: alikuwa mzee wa miaka 76 mwenye melanoma iliyorudi na kutapakaa mguu mzima, akaambiwa akatwe, akakataa. Wakamfanyia hiyo, vinundu vikaisha, na mzee akaishi mpaka miaka 92. Simaanishi kila mtu atakuwa yeye, nitakuja kwenye namba, ila ndivyo ilivyoanza, kwa mtu aliyekataa kukatwa.

Njia yao ile ndo inaitwa ILP (isolated limb perfusion, kuzungusha dawa kwenye mguu uliotengwa). Daktari anafungua kinena kwa kisu, anaukamata mshipa mkubwa unaopeleka damu na ule unaorudisha, anaingiza mirija, anafunga mpira wa kubana juu ya paja kwenye mzizi, mirija inaenda kwenye mashine inayosukuma damu na kuipa oksijeni na kuipasha moto. Dawa inazungushwa kama saa nzima. Kiwango cha dawa kwenye damu ya mguu kinakuwa mara 15 mpaka 25 ya kile ambacho mwili mzima ungevumilia kwa dripu. Lile joto liliongezwa miaka ya 60 na daktari anaitwa Stehlin, Houston, baada ya kuona chembe za kansa zikipashwa moto zinashikwa na dawa vizuri zaidi, lakini joto lina mpaka wake, ukipitisha nyuzi 41 hivi unaanza kuupika mguu wenyewe. Na ili wajue kama dawa inavuja kwenda mwilini wanatia kwenye damu ya mguu albumini, yaani protini ya damu, yenye mionzi kidogo sana, halafu wanaweka kifaa cha kuhesabu mionzi juu ya kifua kwenye moyo. Kikianza kuhesabu kwa kasi ujue damu ya mguuni inapenya kifuani, wanakaza mpira, wanapunguza msukumo, na uvujaji ukikaribia asilimia 10 wanasimamisha na kuosha.

Mama yako yeye kaandikiwa ILI (isolated limb infusion, kuingiza dawa kwenye mguu uliotengwa), ambayo ni mdogo wake na ILP. Ilianzishwa na John Thompson pale Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 90, alitaka kitu rahisi zaidi ambacho hata mzee anaweza kukivumilia na ambacho kinaweza kurudiwa. Hapa hakuna kufungua kinena. Mirija miwili myembamba inaingizwa kwa sindano kwenye chumba cha eksirei, na usishangae ukikuta plasta kwenye kinena cha mguu MZIMA, ule usio na ugonjwa, manake mara nyingi wanapitia huko wanavuka tumboni chini na kushukia upande wa pili mpaka ncha za mirija zikae usawa wa goti la mguu unaoumwa. Ndugu wengi wanakuja juu hapo, "mmemfanyia mguu sio!", hapana, ndo njia yenyewe.

Kabla ya hapo watampima ujazo wa mguu. Sehemu nyingine wanauchovya kwenye chombo cha maji wanapima maji yaliyomwagika, wengine wanachukua futi ya fundi nguo wanazungusha kila baada ya sentimita kadhaa toka kifundo kwenda juu halafu wanapiga hesabu. Inaonekana kama mchezo lakini dozi yote inatoka hapo, kwa ILI ni miligramu 7.5 za melfalani, ndo keimo yenyewe, kwa kila lita ya mguu, na ndo maana haiangalii kilo zake kama keimo nyingine. Mguu wa lita 6 unapata miligramu 45. Wakikosea kipimo kwenda juu ngozi inaungua, kwenda chini kansa inacheka. Mara nyingi wanachanganya na keimo nyingine, aktinomisini D, kidogo.

Siku yenyewe analazwa usingizi kabisa, mguu unafunikwa na blanketi linalopuliziwa hewa ya moto manake mguu wa baridi mishipa ya ngozi inajifunga na dawa haifiki kwenye ngozi ambako ndiko vinundu viliko. Anapewa heparini damu isigande kwenye mirija. Mkanda wa hewa unajazwa kwenye paja mpaka damu haipiti tena. Dawa inaingizwa kupitia mrija wa mshipa wa kupeleka damu, halafu, na hiki ndicho ninachokipenda, hakuna mashine kubwa, anakaa mtu na bomba la sindano, anavuta damu toka mrija wa kurudisha, inapita kwenye kipasha joto, anaisukuma tena kuingia upande wa pili, anavuta anasukuma, anavuta anasukuma, nusu saa hivi, na mwenzake anasoma saa kwa sauti. Damu unaiona inazidi kuwa nyeusi kwenye bomba kwa sababu haipati oksijeni mpya. Hilo limeachwa makusudi, mguu ukikosa oksijeni unakuwa na asidi zaidi na melfalani inafanya kazi vizuri kwenye hali hiyo, na kwa nusu saa mguu unavumilia. Muda ukiisha wanaingiza maji ya dripu kama lita moja kupitia mrija mmoja na kuyatoa kwa mwingine, yanatoka meusi, yanakuwa mekundu, yanakuwa kama juisi ya tikiti, yanakaribia kuwa meupe, ndipo mkanda unafunguliwa. Kinachobaki kwenda mwilini ni kidogo, ndo maana nywele za kichwani hazianguki na kutapika si kwingi. Nywele za mguu huo ndo zinaanguka.

Melfalani nayo ina kisa chake. Asili yake ni jamii ya kemikali za gesi ya haradali, ile ya vitani, wakaiunganisha na fenilalanini, ambayo ni kijenzi kimoja cha protini kilicho karibu na vile vinavyotumika kutengenezea rangi nyeusi ya ngozi. Wazo lilikuwa chembe za melanoma kwa vile zinatengeneza rangi zitakuwa na njaa nacho, zitameza chambo pamoja na ndoano. Chambo hakikufanya kazi kwa uzuri waliouota, lakini dawa imebaki.

Haya, baada ya hapo mguu unakuwaje, manake hapa ndipo watu wanashtuka. Siku ya kwanza unaweza ukaona hakuna kitu ukasema mbona rahisi. Siku ya tatu ya nne mguu unakuwa mwekundu (kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta joto na kung'aa na kukaza kwa ngozi), unavimba, unauma. Watamlaza na mguu umeinuliwa, sindano za kuzuia damu kuganda, na kila siku damu ya kupima kimeng'enya cha misuli kinaitwa CPK, kikipanda sana maana yake misuli inaumia ndani na wanaweza kumpa dawa za steroidi. Kitu kimoja tu nataka ukariri: maumivu ya shavu la mguu yanayozidi badala ya kupungua, ukimkunja vidole vya mguu kwenda juu anapiga kelele, vidole vinakufa ganzi au kuwa baridi. Misuli imefungwa kwenye ganda gumu, ikivimba haina pa kwenda, inaziba damu yake yenyewe, na hapo daktari anatakiwa afungue ganda kwa kisu haraka, masaa sio siku. Mwite nesi hata saa nane ya usiku. Ni nadra, na kupoteza mguu kwa sababu ya tiba yenyewe ni nadra zaidi, ila inajulikana na usiidharau.

Kuna daraja tano wanazotumia, za Wieberdink, utaziona kwenye faili: daraja la 1 hakuna kitu, la 2 wekundu na uvimbe kidogo, la 3 uvimbe mkubwa na malengelenge kiasi, la 4 ngozi inabanduka sana na misuli iko hatarini, la 5 ndo mguu umekatwa. Wengi wanaangukia la 2 na la 3. Ngozi itakuwa nyeusi zaidi na itababuka kama mtu aliyeunguzwa na jua, nyayo zinaweza kuchubuka, kucha zinaweza kung'oka na kuota upya. Baada ya miezi kuna wanaobaki na uvimbe na kifundo kigumu kisichokunjika, kwa hiyo mazoezi ya kifundo yaanze mapema kadri daktari anavyoruhusu, msimhurumie hapo.

Vinundu havipotei siku hiyo. Vinakauka, vinabonyea, vingine vinatoa gamba, na matokeo ya kweli unayasoma kwenye wiki ya 6 mpaka 12. Alafu kuna kitu kinawatia watu wasiwasi bure, pale kilipokuwa kinundu panaweza kubaki doa jeusi tambarare kama chale. Hiyo mara nyingi ni rangi iliyobaki baada ya chembe kufa, kinachoangaliwa ni je doa linainuka, linakua, au limetulia, na wakiwa na shaka wanachukua kinyama wapime.

Atapona? Naona umeuliza mwishoni kabisa kama watu wote wanavyouliza. Kwa ILP ya melfalani, kama nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo vinundu vyote vinaisha. Kwa ILI vyote vinaisha kwa kama theluthi moja, na theluthi nyingine hivi vinapungua sana bila kuisha, wanaobaki havisikii au vinaendelea. Kwa wengi baadaye vinarudi mguuni, baada ya miezi au miaka, na ILI inaweza kurudiwa. Mguu wenyewe unaokolewa kwa wengi sana. Lakini tiba hii inatibu mguu. Haifanyi lolote kwa chembe iliyokwishafika kwenye pafu au ini, haikupangwa kufanya hivyo. Kuna wakati watu walidhani ukiwafanyia ILP hata wasio na vinundu, kama kinga, wataishi zaidi, wakafanya utafiti mkubwa wa wagonjwa 832 uliotoka mwaka 1998, waliofanyiwa na wasiofanyiwa hawakutofautiana kuishi, ikaachwa. Kwa hiyo mkiingia muingie mkijua mnanunua nini: mguu usio na vidonda, usiotoka damu, mama anayetembea. Kwangu mimi hicho ni kitu kikubwa, lakini sio kitu kile kile na "kapona kansa".

Na kwa sababu hiyo swali ninalotaka uende nalo kwa daktari ni hili, dawa za kuamsha kinga zimezungumziwa? Toka 2011 ilipoidhinishwa ipilimumab, na 2014 zilipofuata pembrolizumab na nivolumab, mambo ya melanoma yamegeuka kabisa, na sehemu nyingi mgonjwa kama mama anaanzishiwa hizo kwanza kwa sababu zinafika mwili mzima, ya mguu inafuata zikishindikana au kama hawezi kuzipata. Ila, na hii ni ila kubwa, melanoma ya unyayo sio ndugu sana na ile ya ngozi iliyochomwa na jua, kwa kawaida inasikia dawa za kinga kidogo kuliko hiyo nyingine, kwa hiyo kuanza na mguu sio kosa, inaweza ikawa ni akili. Muulize pia kama kile kinyama kilipimwa jeni za BRAF na KIT, manake melanoma za nyayo na viganja zina KIT iliyoharibika mara nyingi kidogo kuliko nyingine na kuna vidonge vyake. Kuna na sindano yenye virusi inayochomwa ndani ya kinundu chenyewe, T-VEC, iliidhinishwa 2015, inafaa zaidi vikiwa vichache.

Mengine ya kuuliza haraka haraka. Tezi za kinena zimeangaliwa kwa altrasaundi? Kama zina ugonjwa mpango unabadilika. Vinundu vyote viko chini ya pale mkanda utakapokaa? Vyake vinaishia chini ya goti, vizuri sana, vikiwa karibu na kinena mkanda unavikosa. Mishipa ya mguu inapitisha damu vizuri? Hapo kama ana kisukari au aliwahi kuvuta sigara sema mapema, na kama aliwahi kuganda damu mguuni sema mara mbili. Na wamewahi kufanya ngapi, usione aibu, ni mikono ya timu ndo inayofanya tofauti hapa kuliko kitu kingine.

Mtu akikwambia ILP yenye TNF (protini ya kinga inayoongezwa kwenye keimo) ni bora zaidi, hiyo ilitoka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 90 kwa akina Lejeune na Liénard na imesaidia sana kwenye sarkoma, uvimbe wa nyama laini. Kwa melanoma utafiti wa Marekani uliotoka 2006 haukuona faida ya kuiongeza juu ya melfalani, madhara yakawa mengi zaidi. Usihangaike kuitafuta.

Kwa nilivyosoma maelezo yako, mguu mmoja, vinundu vingi vidogo, skani safi, miaka 66, huyu ni mtu ambaye ILI ilitengenezwa kwa ajili yake, sharti lile la dawa za kinga liwe limejadiliwa mezani na sio kurukwa. Kabla ya kulazwa piga picha za mguu mchana kwenye mwanga, mbele nyuma na pembeni, na rula pembeni ya vile vikubwa, andika na tarehe, manake wiki ya nane kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake na mtabishana. Na viatu vya kufunga viache nyumbani, mpelekee ndala pana ya namba moja juu ya anayovaa.